Pini Iliyokosea Nyumba

Fundi vyerehani tunayemzungumzia alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akitoa sentensi mbili zilizofuatana. Mshonaji akimletea cherehani kinachoruka mishono, atamsimulia kilivyoanza, nani alikitumia, na jinsi alivyokwisha kumwonya mtu huyo asikiguse. Fundi atasikiliza hadi mwisho, kichwa kakiinamisha, kisha atasema, "Haya." Mshonaji akirudi kukichukua, fundi atamsogezea kiti, atamwacha akanyage pedeli mwenyewe, cherehani kitaimba, na fundi atasema tena, "Haya." Ndiyo maana watu walimwita Fundi Haya. Waliomjua kwa mbali walidhani ameitwa hivyo kwa sababu ana haya nyingi. Waliomjua kwa karibu hawakuona haja ya kuwasahihisha, maana hilo nalo lilikuwa kweli.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la rangi. Ili uifikie ulipita ubavuni mwa duka, ukaruka makopo matupu, ukakunja kona mbili, na kama hujakata tamaa ukakuta mlango wa kijani ambao ungeweza kuudhania wa stoo. Ndani kulikuwa na meza ndefu, taa yenye shingo ya kupinda, mikebe ya sindano na nati, na vyerehani vimepangwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Kazi yake aliijua kwa masikio. Mtu akizungusha gurudumu mara tatu tu, yeye huko alikokaa kashajua kama ubovu uko kwenye bobini, kwenye mkanda, au kwa mwenye cherehani anayetia sindano kinyume.

Kwa hiyo kazi haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba washonaji waliomjua walikuwa wanazeeka. Mmoja aliacha kushona kwa sababu ya macho, mwingine alihamia kwa mwanawe, na vijana walioshika nafasi zao hawakuwa watu wa kuuliza njia dukani. Waliuliza simu. Na simu haikuwahi kusikia habari za Fundi Haya.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea. Watu walimwita Mama Pacha kwa ajili ya mabinti wao wawili, ambao sasa wako chuoni, na yeye ndiye aliyebeba maneno ya nyumba nzima. Jioni mumewe akiingia, alimuuliza:

"Baba Pacha, leo wamekuja wangapi?"

"Mmoja."

"Alikuwa na nini?"

"Anatafuta rangi."

Hali ikaenda hivyo mpaka mdogo wake Mama Pacha alipokuja likizo. Huyu alikuwa karani wa kampuni ya bima katika mji mwingine, mwanamke mwepesi wa miguu na wa ulimi, na mwezi mmoja kabla ya likizo alikuwa amehudhuria semina ya siku mbili ya namna ya kujenga jina la biashara mtandaoni. Cheti alikuja nacho. Alifikia kwa mama yao, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kwenye karakana, na siku ya pili tu akatokea kwenye mlango wa kijani, viatu vimeingia rangi, simu iko mkononi.

"Shemeji," alisema, "nimekuja kukufufua."

Fundi alimwangalia, akaangalia bisibisi yake, akasema, "Chema chajiuza." Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake ya mwezi ule.

"Chajiuza kikionekana, shemeji. Wewe umejificha nyuma ya mapipa ya rangi kama mtu anayedaiwa. Hebu kaa hapa penye mwanga. Sasa zungumza na wateja wako."

"Wako wapi?"

"Humu." Akamwonyesha simu.

Fundi aliikodolea macho ile simu kama mgonjwa anayeangalia sindano. Alifuta mikono kwenye aproni, ikawa safi, akaifuta tena. Nje mtu alikuwa anakoroga rangi, na sauti ya mti kwenye kopo ilisikika vizuri sana. Baada ya dakika moja na nusu shemeji mtu aliishusha simu.

"Tutaweka muziki," alisema.

Alipiga picha za vyerehani, za taa, za bisibisi juu ya meza. Akaahidi atatafuta jina la kuvutia, maana jina la Fundi Haya lisingemvuta hata nzi. Kisha akaenda kumalizia kazi sebuleni kwa mama yake, ambako mtandao ulikuwa na nguvu na sofa lilikuwa laini.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda upande. Ukurasa ulipata jina, Daktari wa Vyerehani, ukapata picha na maelezo mazuri. Mwishoni simu ikamuuliza kama biashara iko mahali alipo wakati ule. Shemeji mtu, kikombe cha chai mkono wa kushoto na kaka yake yuko hewani kwenye simu ya pili, akabonyeza ndiyo. Pini ya ramani ikajichomeka juu ya paa la mama yake. Na kwa kuwa simu ya fundi ilikuwa ile ndogo ya vitufe, inayozimika ukiikoholea, aliandika namba ya mama yake.

"Mama, ni kwa muda tu. Mtu akipiga, mwelekeze kwa shemeji."

"Sawa, mwanangu," alisema mama.

Kesho yake asubuhi alipanda basi akarudi kwenye bima zake, moyo mweupe, akiamini ameacha wema nyuma.

Mama mkwe wa fundi alikuwa mjane wa miaka sabini na moja. Ujanani na utu uzimani alishona nguo za watu kwa miaka thelathini, mpaka vidole vilipoanza kukakamaa. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vinne na viti vya watu tisa, na kwa miaka mitatu tangu mumewe afariki, viti vinane vilikuwa havina kazi. Simu ya kwanza ilipoingia, alikusudia kabisa kumwelekeza mtu kwa mkwewe. Mungu ni shahidi wake. Lakini yule mshonaji wa upande wa pili alianza kwa kusema, "Mama, habari za leo, umeamkaje?" na mama akajikuta anamjibu alivyoamka, kwa urefu, kuanzia goti. Alipomaliza, mwenzake akasema, "Basi naja, nimeshaona ramani," na simu ikakatika.

Alikuja na cherehani kifuani kama mtoto. Mama alimkaribisha, akampa chai, akakichungulia cherehani kwa kuwa macho hayana pazia. Sindano ilikuwa imetiwa kinyume. Akaigeuza. Mshonaji alishona mstari mmoja, akamwangalia mama, nusura apige goti.

Mgeni njoo mwenyeji apone. Wiki ya kwanza walikuja watatu, wiki ya pili saba. Wengi hawakuwa na ugonjwa wa maana: vumbi la nyuzi chini ya bamba, mafuta yamekauka, uzi wa juu umekazwa kupita kiasi. Mama alinunua brashi ya mswaki na chupa ya mafuta, akavaa miwani, akaanza kuamka mapema. Alikuwa anafuta viti vyote tisa kila asubuhi.

Na Fundi Haya? Fundi Haya alikuwa amekaa nyuma ya rangi akisubiri kufufuka. Mama Pacha alikuwa akiuchungulia ukurasa siku za mwanzo, ukiwa hauna mtu, na mumewe hakuwahi kuuliza umepewa jina gani; kisha simu yake ikaanguka kwenye beseni la nguo, ikafa, naye akarudi kwenye simu ya vitufe kama mumewe. Hivyo nyumba nzima ikawa haina jicho la kuuona mtandao ambao ndani yake jina lao lilikuwa linapaa.

Habari aliletewa na mzee mmoja mshonaji wa suruali, mteja wake wa miaka kumi na minane, aliyekuja kununua mkanda.

"Siku hizi hunioni kwa sababu kuna daktari mpya," alisema yule mzee, bila ubaya wowote. "Yuko kule juu. Mwanamke. Watu wanamsifia mtandaoni hadi basi. Unapewa kiti, unapewa chai, unasikilizwa. Cherehani changu kile kilichokuwa kinakwaruza, amekipuliza tu, kimepona."

Fundi aliweka chini koleo. "Amekipuliza?"

"Amekipuliza."

"Kwa mdomo?"

"Sasa angekipuliza kwa nini, fundi?"

Siku hiyo Fundi Haya hakula vizuri. Mkewe alimuuliza mara tatu ana nini, na mara ya tatu akajibu, "Mshindani." Neno hilo alilala nalo, akaamka nalo, akaenda nalo kazini. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuona wivu, na kama kila kitu anachokianza mtu ukubwani, haukumkaa vizuri. Alimwona muuza rangi mwenye simu kubwa, akamsogelea.

"Nitafutie daktari wa vyerehani."

Muuza rangi alishangaa kusikia maneno manne kwa mpigo, lakini alitafuta. Ukurasa ukafunguka. Fundi akainama juu ya kioo.

"Bisibisi kama yangu," alisema.

"Bisibisi zote zinafanana."

"Na taa."

"Kakuiga huyo," alisema muuza rangi kwa uchungu wa jirani mwema. "Watu hawana soni. Ngoja nikusomee maoni ya wateja." Akajikohoza, akasoma kama anayesoma taarifa ya habari.

Mmoja aliandika: "Nilikwenda na cherehani na kesi ya mume wangu. Cherehani kimetengenezwa palepale. Kesi inaendelea, lakini nimepata mawazo. Nyota tano." Mwingine: "Huyu mama hana haraka na mtu. Nilimaliza shida zangu zote na chai ikaongezwa." Mwingine: "Fundi bingwa mwenyewe sijamwona, nasikia yuko safarini, ila mapokezi ni ya hali ya juu." Na wa mwisho: "Nyota nne. Moja nimeiondoa kwa sababu paka alilalia kitambaa cha bibi harusi."

"Bibi harusi," alirudia fundi, kwa sauti ya mtu ambaye hajapata kushikishwa kazi ya harusi tangu mwaka jana.

Mpango alioufanya haukuwa wa kistaarabu, na yeye mwenyewe alijua. Alichukua cherehani kimoja kizuri, cha kwake, akakifungua chini, akalegeza nati moja ndogo sana ili ndoano ya uzi ichelewe kwa unywele. Ubovu huo usingeonekana kwa macho, na mjini kote waliokuwa na uwezo wa kuugundua hawakuzidi watano. Muuza rangi alimchorea njia nyuma ya risiti: panda hadi kwenye mashine ya kusaga, kata kushoto penye ukuta wa bluu, nyumba ya tatu, lango jeusi. Fundi akakitwika cherehani begani, bado amevaa aproni, akaenda kumuumbua mtu.

Alipofika kwenye mashine ya kusaga alifikiri, mbona huku nakujua. Penye ukuta wa bluu alikasirika zaidi: kumbe huyu mshindani ana ujasiri wa kufungua kazi mtaa uleule wa mama mkwe wangu. Alipofika nyumba ya tatu alisimama, akageuza risiti juu chini, akaigeuza tena. Lango jeusi lile alilipaka rangi yeye mwenyewe, miaka sita iliyopita. Alikuwa karibu kurudi akamgombeze muuza rangi kwa uchoraji mbovu, lango likafunguka, akatoka mwanamke amekumbatia cherehani, uso umemjaa furaha.

"Pita, mzee," alimwambia. "Leo foleni ni fupi."

Barazani kulikuwa na watu wanne kwenye viti, kila mmoja na cherehani miguuni. Fundi alisimama mlangoni na mzigo wake. Hakuwa mtu wa kutokea kwa mama mkwe bila taarifa; hata sikukuu hutanguliza mkewe, na shati huwa limepigwa pasi. Sasa yuko pale na aproni yenye mafuta, cherehani begani, jasho linachuruzika. Mara mama mkwe akatoka ndani, miwani usoni, mswaki umechomekwa sikioni.

Waliangaliana.

"Shikamoo, Mama," alisema fundi.

"Marahaba, mkwe."

Kimya kikapita. Paka akapita. Bwana mmoja mnene kwenye kiti cha pili akadhani ule ukimya unamhusu yeye.

"Mzee, usione tabu, ila sisi tumetangulia," alisema. "Kaa pale mwisho."

Na fundi, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya na miguu yake, akaenda akakaa pale mwisho.

Alikaa saa nzima na robo. Aliletewa chai. Mama mkwe naye, alipoona mkwewe ameshika zamu kama raia, akaendelea na kazi. Mwanzoni fundi alimwangalia kama mtahini. Kisha bila kutaka akaanza kumwangalia kwa namna nyingine. Alimwona akimuuliza msichana mmoja anashona nini, na msichana akieleza kuhusu sare za shule, kuhusu mwenye nyumba, kuhusu mgongo; na katikati ya mgongo, mama akasema, "Ahaa, unakanyaga ukiwa umeinama, ndiyo maana mkanda unachomoka." Akausogeza mkanda, akamwinulia kiti. Fundi alijua kwamba yeye angeusogeza mkanda tu. Mgongo usingemjia akilini hata mwaka mzima.

Mwingine cherehani chake kilikuwa kimekwama kabisa. Mama alikizungusha, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hiki ni cha bingwa. Kiache. Bingwa akirudi safarini nitakupigia." Akakibeba ndani.

Watu wakaisha. Wakabaki wawili na paka. Mama mkwe akasogea mpaka kwenye kiti cha mwisho, akasimama mbele ya mkwewe, akavuta pumzi.

"Kina nini?" aliuliza.

"Kinaruka mshono, Mama."

Alikichukua. Akakiweka mezani, akakisafisha kwanza, akabadili sindano, akashona. Kikaruka. Akazungusha gurudumu kwa mkono, polepole sana, ameinamisha sikio. Fundi aliona sikio lile, na kitu fulani kikamgusa, maana hakuwahi kumwona mtu mwingine akisikiliza cherehani namna hiyo. Mama akakilaza ubavu, akachungulia chini, akagusa nati moja kwa ncha ya kidole.

"Hii haikulegea yenyewe," alisema. "Mtu ameilegeza kwa makusudi."

Fundi aliangalia sakafu. "Ndiyo, Mama."

"Mtu gani mbaya hivyo?"

"Mimi, Mama."

Mama mkwe alikaa. Alijaribu kukaza uso na uso ukakataa. Akaanza kucheka kidogokidogo, halafu akacheka mpaka akavua miwani, na Fundi Haya, ambaye ndoa yake ilikuwa na miaka ishirini na minne na hajawahi kuonyesha meno mbele ya mama mkwe, akacheka naye.

Mama alipotulia alimchukua mkwewe mpaka chumba kilichokuwa cha marehemu, akafungua mlango. Sakafuni kulikuwa na vyerehani kumi na kimoja, vimefunikwa mashuka meupe hadi juu.

"Hivi ndivyo vilivyonishinda," alisema. "Wenyewe nawadanganya uko safarini. Wamekwisha kuanza kuuliza unasafiri wapi kila siku. Juzi nimemwambia mmoja uko kwenye mkutano wa mafundi."

"Kwa nini hukuniita, Mama?"

Akapangusa miwani yake kwa pindo la kanga. "Ningekuita ungejua. Ungejua, ungeirudisha ile pini kwako. Na kurudi kwako ni haki yako, mkwe wangu, siwezi kukataa. Lakini mimi hapa nilikuwa nakaa nasikiliza friji. Inanguruma, inanyamaza. Nikisikia imenyamaza nasema, sasa saa ngapi hiyo. Simu ya kwanza kuingia, mtu ananiuliza nimeamkaje. Sikumbuki mara ya mwisho kuulizwa hivyo na mtu asiye mwanangu."

Fundi akatoa bisibisi iliyokuwa mfukoni mwa aproni, akakaa sakafuni, akafunua shuka la kwanza. Hadi jua linahama dirishani alikuwa ametengeneza vinne. Mama alikuwa amekaa juu ya kitanda akimweleza kila mwenye cherehani ni nani, ana watoto wangapi, na ugonjwa ulianzaje; na fundi akashangaa kuona kwamba habari zile zinasaidia. Cherehani cha mwanamke anayeshona akiwa na hasira, kwa mfano, huwa kimepinda mahali pake maalumu.

Alipokuwa anafunga nati za cherehani cha nne, alisema bila kuinua kichwa:

"Mama, kila hospitali ina mapokezi. Wewe kaa mapokezi. Wepesi wamalize hapahapa. Wazito nitakuja kuwachukua kwa mkokoteni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Na mapato tutagawana."

Mama mkwe akahesabu sentensi zile kwa vidole, zikafika tano, akaogopa kidogo.

"Mkwe, unajisikia vizuri?"

Nyumbani Mama Pacha alisimuliwa habari kwa ufupi wa kawaida na ikabidi aende kwa mama yake kuipata kamili. Alirudi ameshika mbavu. "Usiku kucha nimelala na mtu anayeweweseka mshindani, mshindani," alisema, "kumbe ni mama yangu mzazi." Kisha akawa mkali, maana kulikuwa na maoni mia na kumi na mawili mtandaoni ambayo hakuna aliyeyajibu, na yeye kama mwalimu hakuweza kuvumilia mtu kuandika asisahihishiwe. Walinunua simu moja ya kushirikiana. Fundi akapewa jukumu la kujibu wateja. Alikaa nayo Jumapili nzima, kidole kimoja, akawajibu wote mia na kumi na wawili neno lilelile, na mnaweza kulikisia. Ajabu ni kwamba watu walilipenda. Mmoja aliandika chini yake kwamba huu ndio unyenyekevu unaokosekana katika biashara siku hizi.

Kazi ikakua. Mkokoteni ulipanda na kushuka. Washonaji wa mbali walianza kutuma vyerehani vyao kwa basi, vikiwa na barua ndani, na barua nyingi zilianza kwa kueleza walivyoamka.

Mwisho wa mwaka shemeji mtu akaja tena likizo. Alifika kwa mama yake, akakuta baraza imejaa kama zahanati, akauliza, akaelezwa, akashika kichwa. "Kosa langu," alisema. "Semina walituambia kabisa: anwani ndiyo moyo wa biashara. Nipeni simu niisahihishe pini sasa hivi." Alikuwa ameshafungua ramani, kidole kiko hewani, shemeji yake alipoingia na mkokoteni.

"Shemeji," alisema Fundi Haya. "Usiguse."

"Lakini iko mahali pasipo penyewe."

"Iko penyewe."

Alilisema kwa namna ambayo karani wa bima, aliyezoea kubishana na wateja wa nchi nzima, alishusha kidole. Badala yake alimpigia picha mama yake akiwa na miwani na mswaki, akaiweka juu kabisa ya ukurasa. Ukurasa ukapata wafuasi wapya mia nne kabla ya chakula cha mchana.

Sifa zina matatizo yake. Watu wakishaamini kuna mama anayeponya, hawaulizi anaponya nini. Jumatano moja fundi alifika kuchukua wazito akakuta, katikati ya vyerehani viwili, feni ya mezani, saa ya ukutani na blenda. Aliviangalia, akamwangalia mama mkwe.

"Wenyewe wametoka mbali," alisema mama, akiangalia pembeni. "Na yule wa blenda ana mengi, mkwe wangu. Nisingeweza kumrudisha."

"Mama, mimi blenda sijui."

"Najua. Nimemwambia bingwa yuko kwenye mkutano."

Fundi Haya akakaa kwenye kiti, akaipakata ile blenda, akaigeuza chini juu. Akabonyeza kitufe, akatega sikio. Akabonyeza tena. Kisha akanyoosha mkono bila kuangalia, na mama mkwe akampa bisibisi ndogo.